Uzi: Mbuga ya Saiwa, kinamasi cha nzohe katikati ya mashamba ya mahindi

Mwanzisha uzi (Kitale)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mtu akiuliza humu mahali pa kwenda kuona wanyama, majibu yanayomiminika ni Maasai Mara, Amboseli, Serengeti na Ngorongoro, yaani mahali ambapo mgeni hukaa ndani ya gari tangu asubuhi hadi jioni akichungulia dirishani. Sina ugomvi na mbuga hizo. Ninachotaka kuwaeleza ni mbuga ya aina nyingine kabisa, ambayo gari haliingii, ambayo eneo lake lote halifiki kilomita tatu za mraba, na ambayo mnyama wake mkuu Wakenya wengi hawajawahi kumwona hata kwenye picha.

Ni Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa Swamp, katika Kaunti ya Trans Nzoia, kiasi cha kilomita 22 kutoka mjini Kitale ukishika barabara ya Kapenguria. Ilitangazwa kuwa mbuga mwaka 1974 kwa sababu moja kubwa: kumlinda nzohe, mnyama wa ukoo wa tandala na pongo, ambaye maisha yake yote yako kwenye majimaji. Ndiyo mbuga ya kitaifa iliyo ndogo kuliko zote nchini Kenya.

Usitarajie uwanda mpana. Saiwa ni bonde jembamba ambalo mto mdogo umetanda ndani yake ukawa kinamasi. Katikati ya bonde yamejaa matete, mafunjo na ndago. Kandokando upo ukanda wa msitu wa miti ya kiasili, mikuyu na migunga ikiwemo. Na nyuma ya msitu huo, sehemu nyingine kwa umbali wa mtu kuita na kuitikiwa, yanaanza mashamba ya mahindi. Ukikaa kimya juu ya jukwaa la kutazamia, ndege analia chini yako na papo hapo unasikia kinu cha kusaga unga kikinguruma kijijini. Wapo wageni wanaoudhika kwa hilo, wakidai kwamba hawakulipa kiingilio ili wasikilize kinu. Mimi naona kwamba asiyetaka kusikia kinu hataielewa Saiwa, nami nitaeleza sababu huko mbele.

Utembezi wenyewe ni wa miguu. Zipo njia zinazofuata ukingo wa kinamasi pande zote mbili, yapo madaraja ya mbao yanayokatiza matete kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, na yapo majukwaa yaliyojengwa juu, kimo cha vilele vya miti, ambako mtu hupanda ngazi akakaa na kungoja. Mbao hizo huoza upesi kwa sababu ya unyevu, kwa hiyo muulizeni askari wa mbuga langoni ni jukwaa lipi liko imara kabla hamjapanda. Asiye na haraka ataizunguka mbuga yote kwa nusu siku.

Kama mnaweza kuwa langoni saa kumi na mbili asubuhi, linapofunguliwa, msikose. Nzohe hula alfajiri na jioni. Jua likishapanda hujibanza katikati ya matete, na hapo hata mwenye darubini nzuri atarudi na habari za ndege peke yake. Anayekuja saa nne, akapiga picha darajani na kuondoka saa tano, kisha akaandika mtandaoni kwamba Saiwa hakuna kitu, ameidhulumu mbuga na amejidhulumu mwenyewe.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji (Mwanza)

Nashukuru kwa uzi huu, ndugu yangu. Sisi wa upande wa Ziwa Victoria nzohe tunamfahamu kupitia Kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Rubondo ina kilomita za mraba zipatazo 457, haina simba wala chui, na nzohe wa huko wamezoea hata kutoka majini na kuingia msituni, kwa hiyo mgeni ana nafasi nzuri ya kuwaona.

Naomba nikuulize bila kuficha: ikiwa Rubondo ni kubwa mara 150 na zaidi, na nzohe wake hawana hofu, kwa nini mtu afunge safari mpaka Kitale kwenda kukaa juu ya ngazi akingojea mnyama ambaye huenda asitokee?

Mwanzisha uzi (Kitale)

Ndugu wa Mwanza, swali lako ni la haki. Kwa anayeishi Mwanza au Geita, Rubondo ndiyo chaguo la kwanza, wala sitamshawishi vinginevyo. Lakini Rubondo inahitaji boti au ndege, na gharama yake mtu wa kawaida huipangia muda mrefu, ilhali Saiwa mtu hupanda matatu Kitale, akashuka njiapanda ya Kipsaina, akachukua bodaboda kwa mwendo wa kilomita kama tano za barabara ya murram, na akawa langoni jua halijapanda.

Sababu ya pili ni kwamba huko Rubondo nzohe amepewa nafasi ya kuyaacha majimaji kwa kuwa hana wa kumwinda. Saiwa utamwona akiishi katika mazingira yaliyompa umbo lake. Mtazame miguu, ukibahatika kumpata akivuka uwazi. Kwato zake ni ndefu na nyembamba, na anapokanyaga tope huachana kama mkasi uliofunguliwa, ili uzito wake usambae asididimie. Kifundo nacho hulegea kiasi kwamba sehemu ya nyuma ya mguu hulala kabisa kwenye matope. Ndiyo maana akitembea nchi kavu huonekana mzito, mwenye kusuasua kama anayechechemea, na mbwa wa kijiji anaweza kumfukuza akamkamata. Ila akiingia kwenye matete hakuna mbwa atakayemfuata. Manyoya yake ni marefu, yenye mafuta, maji hayapenyi kwa urahisi. Akishtuliwa sana hujizamisha, akabakiza pua juu ya maji, na hapo mnaweza kumpita mkiwa darajani bila kujua kwamba yupo.

Dume ni wa rangi ya kijivu au hudhurungi iliyokolea, mwenye pembe zilizojipinda, na anaweza kuzidi kilo 100. Jike ni mdogo zaidi, hana pembe, na rangi yake inaelekea wekundu, tena ana michirizi myeupe inayoonekana vizuri jua la asubuhi likimpiga ubavuni. Huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hufichwa juu ya kitanda cha matete yaliyokanyagwa yakalala, mahali pakavu katikati ya maji, ambapo mama humwendea kumnyonyesha. Ni siku nyingi kabla mtoto hajaweza kumfuata mama kwenye tope, kwa sababu kutembea juu ya matete yanayozama ni jambo la kujifunza, hata kwa nzohe.

Wanatumia vijia vyao vile vile kila siku, vilivyotobolewa ndani ya matete kwa chini, mithili ya mahandaki. Vijia hivyo ndivyo vinavyowaponza, kwa kuwa mwindaji hahitaji kumwona mnyama; anatega kitanzi cha waya kwenye kijia na kwenda zake nyumbani.

Ukishakaa kwenye jukwaa, usitafute mnyama. Tafuta ncha za matete zinazotikisika wakati upepo umetulia, au zinazoinama kuelekea upande ambao upepo hauendi. Weka macho hapo. Kitakachofuata aghalabu ni sikio, halafu mgongo, halafu tena matete. Wengi hutosheka na sikio na mgongo. Mimi mwenyewe hutosheka.

Mchangiaji (Eldoret)

Mwanzisha uzi amemsifu nzohe mpaka amewasahau ndege, nami kwa kuwa ndege ndio hunipeleka Saiwa naomba niwatetee.

Wa kwanza ni korongo taji, yule mwenye taji la nyuzi za dhahabu kichwani, ambaye Waganda wamemweka kwenye bendera yao. Ndege huyu hutafuta chakula kwenye nyasi na mashambani, lakini kiota chake hukijenga ndani ya kinamasi, kwenye matete yaliyozungukwa na maji, na kinamasi kikikauka hana pengine pa kutagia. Hutaga mayai mawili au matatu kwa kawaida, na dume na jike hupokezana kuyaatamia kwa muda wa mwezi hivi. Tofauti na korongo wengine wa jamii yake, aina zao za Afrika zenye taji zina kidole cha nyuma kirefu kinachowawezesha kushika tawi, kwa hiyo jioni mtawaona wakipanda miti kulala. Tangu mwaka 2012 amewekwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ardhioevu zinalimwa, ndege wenyewe hutegwa wakiwa hai wakauzwe wafugwe, na wengine hufa kwa mbegu zilizotiwa sumu shambani.

Wa pili ni kulukulu wa rangi ya zambarau, mwenye mdomo wa manjano na kishungi chekundu. Akiwa ametulia mtini anaonekana mweusi tu, wala hakushughulishi. Akiruka ndipo unapoona mabawa mekundu kama damu. Wekundu huo ni rangi halisi iliyomo ndani ya unyoya, na ndani ya rangi hiyo kuna madini ya shaba, jambo ambalo halipatikani kwa ndege wengine isipokuwa wa ukoo wake. Mikuyu ikiiva, msihangaike kutembea. Simameni chini ya mkuyu mmoja wenye matunda, watakuja wenyewe, pamoja na hondohondo.

Mdiria wapo, yangeyange wapo, kwarara ndio watakaowaamsha kama mmelala kambini. Kwa mwenye darubini, mahali pazuri ni pale daraja la mbao linapotoka msituni na kuingia kwenye matete, maana hapo ndege wa msitu na ndege wa maji huonekana kwa kugeuza shingo tu.

Na kuhusu kima, mbona hamjamtaja kalasinga?

Mwanzisha uzi (Kitale)

Umenikumbusha vyema. Kalasinga ni yule kima mwenye ndevu nyeupe ndefu na mstari wa rangi ya machungwa kwenye paji la uso, ambaye wanasayansi walimpa jina la de Brazza, msafiri mvumbuzi wa nchi. Nchini Kenya yupo magharibi zaidi, kwenye vipande vya misitu vilivyo karibu na mito na vinamasi, na Saiwa ni miongoni mwa mahali pa kumwona bila kuchoka sana.

Tabia yake ni kinyume cha tumbili. Tumbili akikuona hupiga kelele na kurukaruka. Kalasinga akihisi hatari huganda, hatikisi hata mkia, na anaweza kubaki hivyo kwa muda mrefu ajabu. Nimeshuhudia kundi la wageni likipita chini ya familia nzima huku likizungumza juu ya mahali pa kula chakula cha mchana, na kalasinga mkubwa yuko juu yao, mikono yake imeshika tawi, macho yamewakodolea. Askari aliyekuwa nao hakusema neno mpaka walipopita wote, ndipo akawarudisha akawaonyesha. Mbega weusi kwa weupe ni rahisi zaidi, kwa sababu mbega hawana siri.

Mbali na hao wapo pongo, fisi maji, mondo na nguchiro. Fisi maji ni bahati, sikuahidini.

Mchangiaji (Trans Nzoia, mkulima)

Wanangu, nimesoma haya yote kwa utulivu, na sasa nami naomba nafasi, kwa kuwa shamba langu liko upande wa juu wa bonde hilo mnalolisifu.

Mnaandika juu ya tumbili na kalasinga kama watu wanaokwenda nyumbani jioni. Sisi ndio tunaobaki nao. Tumbili akiingia kwenye mahindi mabichi hali hindi akalimaliza. Huchuma moja, akaliuma mara mbili, akalitupa, akachuma jingine, na kundi likiondoka utadhani kulikuwa na wezi. Niliwahi kupeleka malalamiko kwenye ofisi moja inayohusika, nikapewa fomu, nikaijaza, na mpaka leo sijaitwa.

Tena tunaambiwa tusilime mpaka kwenye maji na tung'oe mikaratusi. Mkaratusi umesomesha watoto wangu. Nguzo za umeme, mbao za kujengea, kuni za kuuza, vyote vimetoka humo. Ardhi tuliyorithi imegawanywa mpaka kila mtoto amebaki na kipande. Je, mwenye ekari moja iliyoshuka hadi mtoni, mnataka aache nusu yake kwa ajili ya mnyama anayetikisa matete?

Sisemi mbuga ivunjwe. Nasema waandishi wa sifa waandike na upande huu.

Mwanzisha uzi (Kitale)

Mzee wangu, shikamoo. Maneno yako ndiyo hasa niliyokuwa nayaelekea niliposema kwamba asiyetaka kusikia kinu hataielewa Saiwa, na nakushukuru kwa kuyasema kabla yangu, maana yangetoka kwangu yangekuwa ya kuazima.

Ukitazama ramani ya mbuga utaona ukanda mwembamba tu. Maji yanayoulisha ukanda huo hayaanzii ndani yake. Yanatoka juu, yanapita mashambani, ndipo yanafika kwenye matete. Mwezi wa Aprili na Mei, mvua kubwa zinapoanza na mashamba yakiwa yamelimwa lakini mahindi hayajafunika ardhi, kila kijito huteremka kikiwa chekundu. Udongo huo hukaa kinamasini, kwa sababu hapo maji hupunguza mwendo. Udongo ukijikusanya mwaka hadi mwaka, sehemu iliyokuwa maji inakuwa tope, na iliyokuwa tope inakuwa nchi kavu inayoota nyasi na vichaka. Nzohe hawezi kujificha kwenye kichaka kikavu. Kwato zile zile zinazomwokoa kwenye matope ndizo zinazomuua huko. Mbolea nayo hufuata njia hiyo hiyo, ikarutubisha magugu ambayo hayakuwa na nguvu hapo awali.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, uhai wa nzohe wa Saiwa unaamuliwa zaidi na wakulima wa upande wa juu kuliko na askari wanaolinda lango. Askari anaweza kuondoa vitanzi vya waya, na huviondoa. Hawezi kuzuia udongo. Hilo ndilo linalonifanya niseme kwamba anayekwenda Saiwa anapaswa kutembea pia nje ya mbuga, apite kando ya mashamba, aongee na watu, ndipo atajua anachokitazama akiwa juu ya jukwaa.

Kuhusu sheria, kanuni za ardhioevu na kingo za mito za mwaka 2009 zinataka ukingo uachwe bila kulimwa, kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi 30, kulingana na mto wenyewe. Mwenye shamba kubwa mita 6 hazimuumizi. Mwenye kipande chembamba kilichoshuka hadi majini huumia, na hapo nakubaliana nawe kwamba kumpa amri bila kumpa mbadala ni kumwonea. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 nayo inatambua fidia, lakini kwa wanyama waliotajwa kwenye orodha yake na kwa utaratibu ambao mtu wa kijijini huuona mrefu kuliko msimu wa mahindi.

Mikaratusi sitaitetea, Mzee. Inakunywa maji mengi, na iliyopandwa ndani ya chemichemi huikausha. Iliyopandwa mgongoni mwa shamba, mbali na maji, sioni ubaya wake, na huko italipa karo vile vile.

Yapo pia mambo ambayo watu wa Kipsaina waliyaanza wenyewe, na hayatajwi inavyostahili. Kijijini humo kipo kikundi cha wakazi ambacho kwa miaka mingi kimehifadhi korongo taji na ardhioevu, kikiotesha miche ya miti ya kiasili, kikihimiza mizinga ya nyuki na mabwawa ya samaki, ili mtu apate kitu kutoka kwenye kinamasi bila kukitoboa mfereji. Samaki na asali havimalizi umaskini. Lakini mwenye bwawa la samaki ana sababu yake mwenyewe ya kutaka chemichemi isikauke, na sababu ya aina hiyo hudumu kuliko hotuba ya afisa.

Kisha kuna walio chini yetu. Maji ya upande huu huishia mto Nzoia, na Nzoia ndio huo unaofurika Budalang'i kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Saiwa peke yake ni ndogo mno kuzuia mafuriko ya Budalang'i, na sipendi watu wanaotia chumvi. Ila Trans Nzoia ilikuwa na mabonde mengi ya aina hii, yaliyokuwa yakifyonza maji ya mvua kama sifongo na kuyaachilia polepole, na mengi yamechimbwa mifereji yakageuzwa mashamba ya mboga na ya mahindi. Hili moja lililindwa kwa sababu tu lilikuwa na mnyama.

Mchangiaji (Trans Nzoia, mkulima)

Marahaba, mwanangu. Hapo kwenye mita 6 kwa mwenye kipande chembamba umesema kweli, na ningependa wale wenye kalamu ofisini waisome. Kuhusu mikaratusi, mimi na wewe tutaendelea kutokubaliana.

Mchangiaji (Nandi)

Niongeze kwa ufupi. Huku kwetu Nandi kuna kinamasi cha King'wal, ambako nzohe wanaishi bila mbuga, bila lango wala kiingilio, kwenye ardhi ambayo watu wanachunga ng'ombe na kuchimba udongo wa matofali. Ni miongoni mwa mahali penye nzohe wengi nje ya mbuga nchini Kenya. Matatizo ni hayo hayo aliyoyataja Mzee, ila yetu yameongezeka kwa kuwa hakuna mpaka unaojulikana. Mtu akitaka kuona Saiwa ingekuwaje kama isingetangazwa mwaka 1974, aje King'wal.

Mchangiaji (Kampala)

Ndugu zangu, kwetu Buganda nzohe huitwa enjobe, na upo ukoo mzima unaojiita kwa jina lake. Mtu wa ukoo wa Njobe hamli mnyama huyo, kwa kuwa ndiye mwiko wa ukoo. Sijui kama mwiko huo ulimwokoa nzohe sana, kwani jirani wa ukoo mwingine alikuwa huru kumla, lakini watu walimjua kwa jina na kwa heshima. Nasikitika nikisoma kwamba upande wa pili wa mpaka kuna watu hawajawahi kumwona hata kwenye picha.

Swali langu: Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, imekaaje hapo? Saiwa imo kwenye orodha ya ardhioevu za kimataifa?

Mwanzisha uzi (Kitale)

Haimo, ndugu wa Kampala. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 1990, na maeneo yake yaliyoorodheshwa ni sita: Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo, Elmenteita na Delta ya Tana. Matano ya kwanza ni maziwa ya Bonde la Ufa. Kinamasi kidogo cha nyanda za juu hakipati watetezi wengi kwenye mikutano ya kimataifa, lakini kwa kuwa Saiwa ni mbuga ya kitaifa, ulinzi wake kisheria ni mkali kuliko ambao jina la Ramsar peke yake lingeupa.

Mchangiaji (Nakuru)

Natarajia kwenda na familia. Tuna watoto wawili wadogo, na mama mkwe ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi ndefu. Je, atapata lolote, au tumwache hotelini Kitale? Na ni vitu gani tubebe?

Mwanzisha uzi (Kitale)

Msimwache. Mbega huonekana kutoka chini, kwenye miti iliyo karibu na lango na uwanja wa kambi, na kulukulu pia. Njia ya ukingoni haina mwinuko mkali, ila mizizi ni mingi, kwa hiyo awe na fimbo na mtu wa kumshika mkono. Darajani ataona matete kwa karibu kuliko walio juu ya jukwaa, na nyayo za nzohe kwenye tope pembeni ya mbao, zile alama mbili ndefu zilizoachana, ambazo mara nyingi huonekana hata siku ambayo mnyama mwenyewe hakutokea. Watoto waonyesheni nyayo hizo kwanza. Mtoto aliyeonyeshwa nyayo hunyamaza kwa sababu yeye mwenyewe anataka kumwona mwenye nyayo. Mtoto aliyeamrishwa kunyamaza atadumu dakika chache.

Bebeni gambuti kwa kila mtu, koti la mvua na sweta, kwa sababu bonde liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na alfajiri yake ni baridi. Nguo ziwe za rangi iliyofifia. Suruali ziingizwe ndani ya soksi, kwani msimu wa mvua siafu hukatiza njia na hawamjali mgeni. Chakula na maji ya kunywa mbebe kutoka Kitale. Kiingilio hulipwa kwa njia ya mtandao, si fedha taslimu, na viwango hubadilika, basi angalieni tovuti ya Shirika la Wanyamapori kabla ya kuondoka na mhakikishe kuwa simu ina chaji mnapofika langoni.

Muda ulio mwema kwa barabara ni Desemba hadi Februari, kabla ya mvua. Kwa ndege na kwa uoto, mvua ina uzuri wake, lakini murram ikilowa hata bodaboda huteleza, na kwa sababu mna mama mkwe, chukueni gari. Mkija kwa gari dogo wakati wa mvua, muulizeni mtu wa njiapanda ya Kipsaina hali ya barabara kabla hamjaacha lami. Atawaambia ukweli, kwa kuwa yeye ndiye angeitwa kulisukuma.